Namna ya Kuharibu Utafiti wa Ubongo na Posho Ukaichukua

Umeliona tangazo kwenye korido ya idara ya saikolojia, lile lenye vijikaratasi vya kuchana chini yake. Wanatafuta watu wenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 35, waje kupimwa umeme wa ubongo. Muda ni saa mbili na nusu. Malipo yapo. Ukageuza yuro kuwa shilingi kichwani, ukatazama huku na huku kama mwizi wa kuku, ukachana kijikaratasi.

Hongera sana. Mimi nilikutangulia. Miaka niliyosoma Ujerumani niliivaa ile kofia ya nyaya mara nyingi kuliko nilivyovaa tai, na sasa nakwambia kama mdogo wangu: kushiriki vizuri hakuhitaji kipaji. Mtu anakaa, ananyamaza, anabonyeza kitufe, anakwenda zake. Lakini kuuharibu utafiti wa watu, kisha ukatoka mmepeana mikono na posho iko mfukoni, hiyo inataka fundi. Vuta kiti.

Kwanza kabisa: Fahamu unachoharibu

Usivimbe kichwa kwa kusikia kwamba kina umeme. Kinao, ila ni kiduchu. Ule unaofika juu ya ngozi ni mikrovolti 10 hadi 100 hivi, na mikrovolti moja ni kipande kimoja cha volti iliyokatwa vipande milioni. Betri ndogo ya rimoti ina volti 1.5. Sasa piga hesabu, kila kichwa mikrovolti 50: itabidi uchukue mashabiki 30,000, yaani nusu ya Uwanja wa Mkapa ukiwa umejaa, uwaunganishe kichwa kwa kichwa kama mawe ya tochi, ndipo upate nguvu ya betri moja. Simba na Yanga wamekaa pamoja kwa amani, na bado hujabadilisha hata chaneli.

Kwako hiyo ni habari njema. Kitu kidogo namna hiyo hakina shida kukifunika. Mtafiti ni mtu anayejaribu kusikiliza mnong'ono mmoja katikati ya Kariakoo saa tano asubuhi. Kazi yako wewe ni kuwa Kariakoo.

Hatua ya 1: Saini bila kusoma

Utapewa fomu ya ridhaa, kurasa nne au tano. Fomu hiyo ina ukoo: nyuma yake limesimama Azimio la Helsinki la mwaka 1964, ambamo madaktari wa dunia walikubaliana kwamba mtu asifanyiwe utafiti bila kuelezwa na kukubali. Humo ndani mna haki nono kuliko hata posho: unaweza kuondoka dakika yoyote, bila kutoa sababu, na asikununie mtu.

Usisome. Geuza kurasa kwa kasi ya mhasibu anayehesabu noti, tikisa kichwa mara mbili, weka saini. Faida yake utaiona saa ya pili, kibofu kimejaa, umeganda kitini kama mateka, wakati ungesema tu "samahani, naomba kutoka" mlango ukafunguliwa.

Fomu hiyohiyo inaeleza kwamba mashine haiingizi umeme wowote kichwani; inasikiliza tu. Kwa kuwa hukusoma, utakuwa na kitu cha kuogopa. Woga huleta jasho, na jasho ni mwenzetu katika kazi hii. Tutakutana naye mbele.

Hatua ya 2: Ziandae nywele

Ujumbe wa maelekezo utasema: osha nywele, usipake mafuta, usipake krimu. Wewe paka. Mafuta hayapitishi umeme, na zile elektrodi, vidude vya ukubwa wa kifungo cha koti, zinataka kuifikia ngozi yako kupitia jeli ya chumvichumvi. Ukijipaka mafuta ya nazi sawasawa, mtafiti atasugua kichwa chako kwa kijiti cha pamba mpaka atoke jasho yeye.

Kama una upara, pole, kazi yako itakuwa ngumu kidogo. Kwa watu hawa mwenye upara hupokelewa kama bwana harusi. Umekificha kichwa hicho kwa barakashia na kofia za mpira tangu ulipotimiza miaka 30, leo mtu anakitazama anatabasamu na kumwita mwenzake aje aone. Furahi, unastahili. Utaharibu kwa njia nyingine.

Kama umesuka, niruhusu niweke utani pembeni kwa dakika moja. Kofia hizi zilibuniwa kwa nywele laini zinazolala. Nywele zetu zinasimama, zinainyanyua elektrodi kutoka kwenye ngozi. Na kukiwa na rasta, mabutu au wigi la kushonea, kuna maabara zinazokwambia kwa upole kabisa "tutakupigia". Hazipigi. Nilimsindikiza binamu yangu aliyekuwa ametoka kukaa saluni saa sita. Akaishia mlangoni, akapewa nauli. Ndiyo maana ukisoma kwenye vitabu kuhusu "ubongo wa binadamu", mara nyingi huyo ni binadamu ambaye nywele zake zinalala. Mwaka 2020, Arnelle Etienne na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walionyesha njia nyingine: unazisuka nywele kwa mistari ili ngozi ionekane pale panapotakiwa, kisha unabana elektrodi chini ya misuko yenyewe. Wakaziita Sevo, neno la Kikrioli cha Haiti lenye maana ya ubongo. Kumbe siku zote jibu lilikuwa twende kilioni. Alikosekana tu mtu anayejua kusuka ndani ya maabara.

Haya. Turudi kwenye ubaya wetu.

Hatua ya 3: Usilale usiku wa kuamkia kipimo

Kesha. Tazama mpira, tazama tamthilia, gombana na mtu kwenye simu mpaka saa tisa. Asubuhi kunywa kahawa vikombe vitatu ili mikono itetemeke na macho yawe mazito kwa wakati mmoja.

Ila naomba unisikilize hapa. Kama hukutoka kwenye tangazo la ukutani bali umetumwa na daktari, labda kwa sababu ya kifafa, funga ukurasa huu na umtii daktari. Kipimo ni hichohicho, EEG, lakini mchezo ni mwingine. Hospitalini wanaweza hata kukuagiza wao wenyewe upunguze usingizi usiku wa kuamkia kipimo, kwa sababu uchovu huufanya ubongo uonyeshe dalili ambazo ukiwa umepumzika hufichama. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti wamekitumia kipimo hiki kuwafuatilia watu wenye kifafa. Pale kila mstari una mgonjwa nyuma yake. Utundu wangu hauvuki mpaka huo.

Hatua ya 4: Chelewesha kofia

Atakuja mwanafunzi wa uzamili, macho mekundu kuliko yako, mkononi ana futi ya fundi cherehani. Atapima kutoka kwenye bonde la pua, katikati ya macho, hadi kwenye kinundu cha kisogo. Halafu sikio hadi sikio. Pale mistari inapokutana, utosini, anaweka alama kwa kalamu. Mpangilio huu wa kugawa kichwa kwa asilimia 10 na 20 za umbali ulichapishwa na Herbert Jasper mwaka 1958, na ndio unaokipa kila kipande cha kichwa anwani: namba witiri ziko kushoto, namba shufwa kulia, F iko mbele, O kisogoni. Kichwa chako kimepimwa viwanja kuliko mtaa unaoishi.

Kisha anachagua kofia. Zipo saizi 54, 56, 58, 60. Ukisikia "60" utaona raha fulani ikikupanda. Usiulize "hiyo ni kubwa sana?" kwa sauti ya mtu anayesubiri pongezi. Saizi ya kofia inaeleza saizi ya kofia, basi.

Baada ya hapo ni jeli. Ana bomba la sindano lenye ncha butu. Analiingiza kwenye tundu la elektrodi ya kwanza, anazichambua nywele kwa ncha yake, anazungusha taratibu, anasukuma. Unasikia ubaridi ukijitandaza juu ya ngozi kama uji uliolala. Kwenye skrini doa moja linatoka jekundu, linakuwa la njano, halafu kijani. Bado 63. Mtafiti anapiga soga nawe: unatoka wapi, unasoma nini, huko kwenu kuna joto? Jibu kwa mikono na kichwa. Kila doa linapokaribia kuwa kijani, geuka uangalie ujumbe kwenye simu. Linapokuwa kijani kabisa, jikune.

Mtafiti hatakuchapa. Atasema "hakuna shida" kwa sauti ya mtu mwenye shida, na kuanza tena.

Hatua ya 5: Kuwa Kariakoo

Sasa mko kazini. Umekaa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, pengine kuta zake zina bati la kuzuia umeme wa nje, mbele yako skrini yenye msalaba mdogo. Umeambiwa: tazama msalaba, usitikisike, jitahidi usipepese picha zikiwepo.

Pepesa. Jicho lenyewe ni betri. Upande wa mbele una chaji chanya ukilinganisha na wa nyuma, na kila kope inaposhuka huchora mlima wa mikrovolti mia na zaidi kwenye mistari ya mbele. Mawazo yako yote mazito, na bado kope moja inayazidi nguvu. Wala huhitaji kujitahidi: mtu akishaambiwa asipepese, hana tena kitu kingine anachokifikiria duniani.

Kaza taya. Misuli ya kutafunia iko karibu na elektrodi za pembeni, na ukisaga meno mistari yote inageuka kichaka cheusi. Bazoka ni bora zaidi. Kumeza mate kunafaa kwa wanaoanza.

Toka jasho. Nilikwambia tutakutana naye. Chumba kimefungwa, kofia inabana, hukusoma fomu, unaamini watakupiga shoti. Jasho linabadilisha hali ya ngozi chini ya elektrodi, na mistari inaanza kupanda na kushuka polepole kama ngalawa bandarini.

Bakia na simu mfukoni, na kama kuna chaja karibu, ichomeke. Umeme wa ukutani, Ujerumani kama kwetu, hugeuka mwelekeo na kurudi mara 50 kwa sekunde, Marekani mara 60, na waya wowote wenye umeme huo hupenda kujipenyeza kwenye vipimo. Mtafiti ataona mngurumo usiokoma na kuanza kutambaa chini ya meza akigusa nyaya moja moja. Mwonee huruma. Mwulize kama anahitaji msaada.

Hatua ya 6: Onyesha akili

Hapa ndipo wengi wetu tunafanya vizuri bila kufundishwa. Mtafiti atasema: "Sasa fumba macho, tulia dakika mbili, usifikirie chochote hasa." Wewe umepanda ndege kutoka Dar es Salaam kuja kusoma. Huwezi kukubali wazungu wachapishe ubongo wako ukiwa haufanyi kitu. Kunja uso. Vuta kumbukumbu ya jedwali la kuzidisha. Waza siasa ya bara zima.

Ndivyo unavyolifukuza wimbi zuri kuliko yote. Mtu akifumba macho na kutulia, kisogoni hutokea mawimbi ya alfa, 8 hadi 13 kwa sekunde, laini, yamepangana kama meno ya kitana. Akifumbua macho, yanatoweka. Akianza kupiga hesabu ngumu, yanafifia. Yaani mashine inakuona umependeza pale unapoacha kujipendezesha, na mkunjo wa kipaji cha uso unaoonekana kwenye picha za wasomi huingia kwenye kipimo kama kelele za misuli.

Kama unataka wa kumwiga, mwige Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, ambaye kwangu ndiye mlezi wa wote wanaofeli kwa heshima. Ujanani, akiwa jeshini, alianguka kutoka kwenye farasi na nusura apondwe na gurudumu la mzinga. Siku hiyohiyo ikaja telegramu ya baba yake kuuliza hali yake: dada yake, mbali huko nyumbani, alikuwa ameingiwa na hofu juu yake. Berger akaamini mawazo yanasafiri, akatumia miaka na miaka kutafuta nguvu inayoyabeba. Nguvu hiyo hakuipata. Mwaka 1924 akapata mistari midogo inayotetemeka kutoka kwenye kichwa cha mtu, ambayo hakuna binadamu aliyekuwa ameirekodi kabla yake. Akakaa na mistari hiyo miaka mitano, akihofia kwamba labda ni mapigo ya moyo, labda misuli, labda ngozi tu. Akaichapisha mwaka 1929, na wengi hawakumjali.

Walioshtuka ni Waingereza wawili wa Cambridge, Edgar Adrian, mwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1932, na mwenzake Matthews. Mwaka 1934 walijipima wenyewe. Adrian akifumba macho, alfa ilitoka kama maji ya bomba; ya Matthews ilikuwa ya kubembeleza. Wote wawili vichwa hatari, kwa hiyo usije ukajipima akili kwa wimbi hilo. Na kabla hujaanza kujisifia la kwako, jua kwamba walikuwa wameona mdundo wa namna hiyo kwenye fundo la neva za macho la mbawakawa wa majini akiwa gizani.

Hatua ya 7: Danganya hesabu

Zoezi linalofuata ni la milio. Dududu, dududu, milio mizito, na mara mojamoja mlio mwembamba. Umeambiwa uhesabu ile myembamba kimoyomoyo. Itapigwa mamia kwa mamia, kwa sababu jibu la ubongo kwa mlio mmoja limezama kwenye makelele. Mtafiti anayajumlisha majibu mengi na kutafuta wastani, kelele zikafutana, kilichobaki ndicho ubongo ulichosema.

Usihesabu. Panga safari ya sikukuu. Wakikuuliza mwishoni, sema "sitini na moja" kwa sauti ya mtu aliyehesabu hadi sitini na moja. Usitaje namba inayoishia na sifuri, utashtukiwa.

Kikwazo ni kimoja. Mwaka 1965 Samuel Sutton na wenzake walieleza wimbi linalochomoza takriban sehemu tatu za kumi za sekunde baada ya mtu kukutana na kitu adimu alichokuwa akikisubiri. Akiwa makini, linasimama kama mnara. Akiwa anapanga safari ya sikukuu, linalala. Kwa hiyo mdomo wako utasema sitini na moja, na kichwa chako, kwa wakati wake, kitakuwa kimeshasema "sikuwepo". Usijali. Mtafiti atayaona hayo wiki ijayo, nawe utakuwa umeshaila posho.

Hatua ya 8: Kilaumu kitufe

Mishale inapita kwenye skrini kwa kasi. Ukiona wa kushoto bonyeza kushoto, wa kulia bonyeza kulia. Utakosea, kila mtu hukosea. Ukikosea, guna, kitazame kitufe, kibonyeze mara mbili tatu kama fundi anayekagua, sema: "Hiki naona kinakwama." Nimekitumia kisingizio hiki katika maabara tatu na kimefanya kazi zote tatu, kwa maana ya kwamba hakuna aliyebisha.

Kubisha hawana haja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Ujerumani na Marekani waligundua kwamba kidole kikibonyeza kusiko, ndani ya takriban sehemu ya kumi ya sekunde wimbi hasi huruka katikati, sehemu ya mbele ya kichwa. Ubongo umeshasema "lahaula" kabla hujapata nafasi ya kukunja uso. Fikiria: una shahidi ndani ya fuvu lako, anakula ugali wako, anakaa bure miaka yote, na siku ya kwanza anawekewa kipaza sauti anakuchoma.

Ndiyo maana nakusisitizia Hatua ya 5. Shahidi wa namna hiyo huwezi kumhonga. Unaweza tu kupiga kelele asisikike.

Hatua ya 9: Sinzia kwa heshima

Ikifika dakika ya tisini, yale makesha yatalipa. Chumba kina joto, taa imefifizwa, dududu. Kanuni ya kusinzia ni kukaa wima, kidevu juu, mikono magotini, kama mzee wa baraza kwenye mkutano wa hadhara.

Huku kwako unaona umewaweza. Kule chumba cha pili mtu ameshajua. Alfa yako imevunjikavunjika, macho yameanza kuyumba polepole upande hadi upande chini ya kope, mawimbi mazito ya theta yameshika zamu. Ukizama zaidi vinatokea vifungu vya mawimbi ya haraka, 12 hadi 14 kwa sekunde, vinene katikati na vyembamba kwenye ncha kama muhogo. Hivyo huwezi kuviita tafakuri. Spika itakohoa: "Alles gut?", yaani, "Uko salama?"

Usiruke. Mtu mwenye hatia ndiye anayeruka. Subiri pumzi moja, kisha jibu polepole: "Ndiyo, nilikuwa makini sana." Utasikia ukimya mfupi kwenye spika. Ukimya huo ni wa mtu anayetazama mihogo mitatu kwenye skrini na kuamua kukuheshimu.

Hatua ya 10: Toka kama mgeni rasmi

Kofia ikivuliwa, usikimbilie kioo. Una miduara midogo imechapika kwenye kipaji cha uso, nywele zimeganda vilimavilima, jeli inashuka nyuma ya sikio. Watakuonyesha sinki na taulo. Osha ukitaka, mimi niliwahi kupanda tramu hivyohivyo, kiti cha jirani kikawa changu hadi mwisho wa safari.

Kabla ya kuondoka, uliza lile swali: "Kwa hiyo mmeona nilichokuwa nawaza?" Kila mshiriki huliuliza, nusu anatania na nusu anaogopa. Mtafiti atakujibu kwa subira kwamba hapana, haya ni makelele ya mamilioni ya seli zikiunguruma pamoja, kama kusikiliza uwanja wa mpira ukiwa nje ya ukuta: unajua goli limeingia, hujui shabiki wa kiti namba 412 kala nini. Shusha pumzi. Kisha uliza la pili, ambalo ndilo ulilolijia: "Lakini ubongo wangu, ukilinganisha na wengine, ukoje?"

Atasema ni wa kawaida kabisa. Kwake hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote. Wewe itakuuma mpaka nyumbani.

Chukua bahasha, saini kwenye orodha ya malipo. Hii nayo hutaisoma, isipokuwa safu ya kiasi.

Mwisho: Vuna ulichopanda

Mwaka mmoja au miwili baadaye makala itatoka. Itafute. Ruka muhtasari, ruka michoro, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, aya ya washiriki. Mimi nilipoipata ya kwanza nilisimama. Iliandikwa, kwa lugha yao ya kunyooka, kwamba data za washiriki watatu ziliondolewa kwa sababu ya kelele kupita kiasi.

Watazame sasa wale waliofuata maelekezo. Walilala mapema, waliosha nywele, walihesabu milio yote. Wamechukuliwa wote, wakajumlishwa, wakagawanywa, wakawa mstari mmoja mweusi uliopinda, ambamo huwezi kumtoa hata mmoja ukamsalimia. Wao ni wastani. Sisi watatu ndio pekee tuliotajwa kando, na sababu ikawekwa.

Niliikata ile aya, nikaipiga picha, nikaituma nyumbani. Jioni nikampigia mama nimtafsirie. Nikamweleza kwamba hilo ni jarida la kisayansi, linasomwa dunia nzima, na katika hao watatu walioandikwa hapo, mmoja ni mimi.

Mama akanyamaza kidogo.

"Haya, mwanangu, tunashukuru. Na hao wengine wawili ni watoto wa nani?"